Nyoka Wangu, Sanduku Lake na Nyumba ya Grégoire

Jumanne, 14 oktoba

Grégoire, huna haya! Mama yako si kabati. Kabati ndiyo inabebwa bila kuulizwa. Mama anaulizwa kwanza, na akikataa, mutoto ananyamaza.

Ninayaandika hapa kwa sababu telefone alinikatia, na mimi nilikuwa ningali nasema. Kitabu hiki hakikati. Shule sikusoma sana, lakini kuandika masista walinifundisha, na hasira nilizaliwa nayo.

Mambo yako hivi. Wiki iliyopita nilianguka. Mvua ilinyesha, mawe ya volkano yakateleza, nikaketi chini pamoja na bido langu la kuchotea mayi. Kuketi tu! Hakuna mufupa uliovunjika. Lakini jirani yangu Mama Nshobole, mwenye mudomo murefu kuliko barabara ya Sake, akamupigia Grégoire kule Himbi. Akamwambia mama yako amelala katika matope kama mufu. Mufu! Wakati ule nilikuwa ninamutukana yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ananiangalia bila kuniletea mukono. Mufu gani anatukana?

Sasa Grégoire anasema jumamosi ya wiki ijayo anakuja na gari kunihamisha. Nitaishi kwake, karibu na ziwa. Nyumba ya matofali, vyumba saba, salon ambayo ukikohoa inakujibu. Ninaijua. Nilikaa mule wakati wa Pasaka. Viti vimewekwa mbalimbali kama watu waliogombana. Chakula kilikuwapo, nyama, wali, samaki mukubwa. Sikukimaliza. Nikarudi hapa kwangu Majengo, nikaketi kwenye kistuli changu, mugongo kwenye ubao wa ukuta, nikala bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Sahani nikaimaliza, na kidole nikakilamba.

Siendi. Lakini Grégoire ana kichwa nguvu, sijui alikitoa wapi. Marehemu baba yake alikuwa mutu mupole.

Mwana hashindiki. Basi nitamupitia muke wake.

Jumatano, 15 oktoba

Muke wa Grégoire anaitwa Aurélie. Mwana wa Bukavu, karani wa ofisi, kucha nyekundu. Anaogopa mende! Nilimuona mimi mwenyewe, siku ya Pasaka, amepanda juu ya kiti na kiatu mukononi, anapiga kelele kwa ajili ya mende mumoja. Mutu wa mende atafanya nini mbele ya nyoka?

Wazo hilo sikulitafuta. Mungu alilileta. Asubuhi nilienda kwa Baharanyi, fundi wa mbao, kumugombeza juu ya mulango wangu anaotengeneza tangu mwezi wa nane. Akaniambia mbao zimefika kutoka Mugunga jana, nisikasirike. Wafanyakazi wakainua ubao, nyoka akatoka. Wote wakaruka! Wanaume wazima, wamepanda juu ya meza. Mumoja akakamata panga.

Nikasema acha. Nyoka yule ninamujua. Ni wa rangi ya kahawa, mustari mweupe kichwani, mwembamba kama kidole gumba. Kule Butembo alikuwa anakaa katika ghala ya baba yangu, anakula panya wanaotafuta maharagi yetu. Hana sumu. Baba alikuwa anampitia juu kama unavyopita juu ya muzizi. Nikamushika na kikwembe changu cha kiunoni nikamutia katika bido tupu. Baharanyi akafanya ishara ya musalaba.

Mupango wangu ni huu. Nyoka ni mufugo wangu. Mutu hatenganishwi na mifugo yake, hata Grégoire anajua. Ninapokwenda, anakwenda. Aurélie akisikia, atasema mama abaki Majengo. Sitakuwa nimekataa mimi. Atakuwa amekataa yeye!

Kumbe akili ninayo.

Nilipoagiza sanduku, Baharanyi aliuliza nyoka ana urefu gani. Nikamwambia usiangalie nyoka, angalia mwenye nyoka. Akasema sanduku la kuku mumoja lingetosha. Nikamuuliza, mama ya Grégoire atembee mujini na nyoka ndani ya sanduku la kuku? Nataka kubwa kama kitanda changu. Aurélie akiona sanduku dogo, atafikiri nyoka mudogo. Sanduku kubwa linatisha hata likiwa tupu.

Akapima kitanda. Alikuwa anatikisa kichwa, lakini alipima.

Ijumaa, 17 oktoba

Sanduku lilikuja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, vijana wawili wanasukuma. Halikupita mulangoni. Tukang'oa mbao mbili za ukuta, likapita, tukarudisha mbao. Ndiyo uzuri wa nyumba ya mbao. Jaribu kufanya vile Himbi kwenye matofali!

Ni zuri. Mbele kuna waya wa matundu, juu kuna kifuniko. Lakini limejaza chumba. Kitanda tumekisimamisha ukutani kama mutu anayengoja misa. Mimi ninalala kwenye mukeka, mbele ya sanduku. Nyoka analala kwenye salon. Si kitu. Ni kwa siku chache.

Nikamumwaga toka bido. Nilifikiri atatembea, atainua kichwa, ataonyesha ulimi. Wapi! Alikimbia moja kwa moja hadi pembe ya mwisho, akajibana kati ya mbao mbili, akabaki pale. Nikapiga makofi. Nikamuita. Hakuna. Sanduku zima liko wazi kama uwanja wa ndege, na mwenyewe amejikunja pembeni kama kamba iliyosahauliwa.

Pengine ni njaa. Nikachukua dende wawili jikoni, wale wanyama wadogo wa manyoya ninaowafuga kwa nyama, wanene. Sisi watu wa Kivu tunakula dende, mbwa wanakula dende, mwewe anakula dende. Kwa nini nyoka asile? Nikawatia ndani pamoja na majani yao, ili wasikonde kabla ya kuliwa.

Jumapili, 19 oktoba

Dende wamezaa.

Ndani ya sanduku la nyoka! Nilirudi kutoka misa nikakuta watoto watatu, macho wazi, wanakimbia huku na huku. Mama yao anakula majani. Baba yao amelala katikati kama chifu. Nyoka yuko pembeni pale pale, hajala mutu. Dende mukubwa alipita juu ya mukia wake, nyoka ndiye aliyejivuta! Ni nyoka wa namna gani anamupisha dende?

Mama Nshobole alichungulia katika ufa wa mbao. Kazi yake ni hiyo. Akauliza, "Mama Grégoire, wewe unalala chini, na dende umewajengea kama kwa gavana?" Nikamwambia huyo ni nyoka wa hatari, arudi nyuma. Akasema haoni nyoka, anaona uzazi. Akacheka mupaka akashika ukuta. Ukuta wangu!

Baada ya hapo nilitoa dende. Nilikaa kwenye kistuli nikamuangalia nyoka muda murefu. Amekonda. Ngozi imelegea kama soksi. Chakula aliletewa, nafasi anayo, hakuna anayemupiga. Na hali. Amekazana kwenye ile pembe, tumbo kwenye ubao huu, mugongo kwenye ubao ule, kama mutu anayeshikilia nyumba isianguke.

Kuna jambo la Pasaka nilikumbuka wakati ule. Kisha nikalisahau kwa makusudi.

Akifa kabla ya jumamosi, mimi nimekwisha. Nitapakiwa kwenye gari pamoja na sufuria.

Jumanne, 21 oktoba

Nimeelewa. Alikuwa na nafasi kubwa mno. Basi nimemupa ndogo!

Kopo la maziwa ya unga, lenye kifuniko. Nikatoboa matundu kwa musumari. Akaingia amejikunja kama chapati. Nikasema sasa atatulia. Sanduku kubwa nimelitoa tena kwa kupitia ukutani, mbao mbili tena, liko nje, Mama Nshobole anaanikia mihogo juu yake bila kuniomba.

Baharanyi alipita. Akasema Mama Grégoire, hapo ni padogo mno, hawezi hata kujinyoosha, atajikwaruza pua kwenye matundu. Nikawaka! Jumatano sanduku kubwa lilikuwa kubwa mno, leo dogo ni dogo mno. Kwani nyoka ni bibi harusi, ashonewe nyumba kwa kipimo? Baharanyi akajibu polepole kwamba yeye hapimi kitanda bila kuuliza nani atalala. Nikamwambia arudi kwenye mulango wangu.

Lakini usiku nilitazama. Pua ilikuwa na jeraha kweli. Alikuwa anasukuma, anasukuma. Nilimwekea kidole kwenye tundu, akasukuma kidole.

Jumatano, 22 oktoba

Kopo tupu! Kifuniko kimeinuka kidogo tu, hapapiti hata kijiko. Amepita.

Nimetafuta chini ya mukeka, ndani ya gunia la maharagi, nyuma ya mbabula yangu ya makaa, katika sufuria zote. Dende wamenishangaa. Mama Nshobole aliuliza ninatafuta nini nikiwa nimepiga magoti. Nikasema ninasali.

Jioni nikaketi. Nyumba ilikuwa kimya. Sikujua kwamba nyoka asiyefanya lolote anaweza kuacha nafasi. Nilijikuta ninasema kwa sauti: toka, wewe mupumbavu, mama hajakasirika. Uongo. Nilikuwa nimekasirika sana. Ila si juu yake.

Alhamisi, 23 oktoba

Aurélie amekuja peke yake, kunisaidia kufunga mizigo. Saa ile nilifikiri nimekufa. Nyoka hayuko, nitamutishia na nini?

Kisha Roho Mutakatifu akanishukia. Nyoka aliyefichika ni mubaya kuliko nyoka anayeonekana! Nikamwambia: Aurélie, mwanangu, ingia polepole, ndani mwangu kuna nyoka, na sijui yuko wapi. Ninaishi naye. Nikija kwenu, nitakuja naye.

Akapanda kistuli changu. Vizuri! Akashika sakoshi yake ya mukononi kifuani. Vizuri zaidi! Akauliza ni wa rangi gani. Nikasema kahawa, na nikaongeza urefu. Akauliza kichwa chake kikoje. Akatoa telefone. Nikajua anamuita Grégoire amutoe. Nikaanza kukunja vikwembe vyangu nivirudishe mahali pavyo.

Alikuwa anasoma! Alisoma, akasoma, akashuka kwenye kistuli. Akavua viatu vyake vya ofisi. Akasema, "Mama, huyu hana sumu. Anatafuta mahali panapomubana. Una kitu chembamba, chenye giza?" Nikamuuliza, wewe si mutu wa mende? Akasema mende anaruka usoni, nyoka ana adabu, hana mabawa.

Mutu unamujua miaka yote hiyo, kumbe humujui hata kidogo.

Akainamia chini ya kabati, akavuta kiatu changu cha kanisa, akachungulia. Nyoka alikuwa ndani! Amejaza kiatu toka kisigino hadi vidole, ametulia kama mutoto mugongoni. Aurélie hakupiga kelele. Kiatu hakukiangusha.

Akanielezea, na mimi nilijifanya ninapanga vikombe. Anasema sanduku liwe la kumutosha kujinyoosha sawa, kichwa hadi mukia, na nafasi kidogo ya kuzunguka. Kifuniko kifungwe kwa komeo, maana kichwa kikipita, mwili wote umepita. Upande mumoja joto, upande wa pili baridi. Lakini kitu cha kwanza ni pa kujificha. Tundu dogo, ambalo ukuta unamugusa kila upande. Akiwa na tundu lake, hata sanduku likiwa kubwa halimutishi. Akilikosa, anaogopa hata kula.

Kwenye mutego wangu karibu na maharagi kulikuwa na panya mudogo. Tukakiweka kiatu ndani ya basene pamoja na panya, tukafunika na ubao, tukaweka jiwe juu. Tukangoja, wawili, bega kwa bega, kama watu wanaosubiri habari hospitali. Tulipofunua, panya hakuwapo. Nyoka alikuwa na tumbo!

Nilifurahi. Sikumuonyesha.

Kisha Aurélie akakitazama kistuli changu. Akatazama ukuta nyuma yake, pale ubao umelainika na kung'aa kwa mugongo wangu. Akauliza kwa nini siku za Pasaka nilikuwa ninakula jikoni, nyuma ya mulango, nimesimama. Nilifikiri hakuna aliyeniona! Nikamwambia ameze maneno yake. Akasema Mama, ulikuwa unatafuta pa kuegemea. Nikamwambia mimi si nyoka.

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akaenda kwa Baharanyi, akarudi na metre, akaanza kupima nyumba yangu. Urefu, upana, mulango, dirisha, hata toka kistuli mupaka mbabula. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya mapazia.

Mapazia! Anapima nyumba watakayobomoa. Nyoka amenisaliti. Nilimuleta amufukuze Aurélie, na yeye amekula panya kwa maarifa ya Aurélie.

Jumamosi, 25 oktoba

Nilivaa nguo yangu nzuri nikaketi kwenye kistuli, mugongo ukutani, kiatu cha nyoka magotini. Nikasema atakayenihamisha anibebe na kistuli.

Grégoire hakuja na gari. Alikuja na chukudu sita na Baharanyi. Bila kunisalimia vizuri, Baharanyi akaanza kuandika namba kwa chaki juu ya mbao za nyumba yangu. Nikapiga kelele mupaka mutaa ukatoka. Nikamwambia Grégoire: ulinyonya hapa, na leo unanibomolea mbele ya watu?

Akachuchumaa mbele yangu. Mutu mukubwa wa Bunagana, anayepitisha magari mupakani, amechuchumaa katika matope na suruali ya pasi. Akasema, "Mama, wewe huji nyumbani kwangu. Nyumba yako ndiyo inakuja."

Sikuelewa. Akaeleza. Kiwanja hiki ni cha watu, lakini mbao ni zangu, na kila mutu hapa amekwisha kuona nyumba ya mbao inapita barabarani juu ya chukudu. Wataisimamisha nyuma ya uwanja wake, chini ya muti wa avoka, karibu na jiko. Musingi wa mawe uko tayari tangu jana. Chumba kile kile, dirisha lile lile, ubao wa mugongo wangu mahali pake. Aurélie ndiye aliyenipigania usiku muzima. Alimwambia mumewe kwamba mutu halazimishwi kulala kwenye nafasi, anahitaji mahali pake ndani ya nafasi.

Nikasema nitafikiri. Nilifikiri mupaka chukudu ya pili ilipojaa. Kisha nikawaambia ubao namba tano wameushika vibaya.

Mama Nshobole alikuwa amesimama pembeni analia. Sikutegemea. Akasema atachungulia nani sasa. Nikamwambia machozi hayabebi mbao, shika ule mulango wa zamani. Akaubeba kichwani mupaka barabara kubwa, mawe yote yale, bila kuanguka hata mara moja. Alitaka nione kwamba hakuanguka. Niliona.

Nilitembea nyuma ya nyumba yangu, nyoka ndani ya kiatu, kiatu ndani ya kikapu. Watu waliuliza nani amekufa. Nikawajibu hakuna, ni mimi ninahama na sijatoka nyumbani.

Jumapili, 2 novemba

Nimelala vizuri wiki nzima. Usiku mukono wangu unajua kila ubao. Asubuhi ninasikia Grégoire anakohoa salon yake inamujibu, ninacheka peke yangu. Bugali ninamaliza. Jana Aurélie alikuja na sahani yake, akaketi chini karibu na kistuli, tukala.

Nyoka naye ana sanduku lake. Baharanyi alilikata kutoka lile kubwa. Nyoka akijinyoosha, anajinyoosha. Kuna komeo. Upande mumoja uko karibu na mbabula. Na ndani kuna nusu ya kibuyu, imefunikwa, yenye tundu dogo. Humo ndimo anakaa, analala, ananenepa. Amekula tena. Pua imepona.

Kila kitu kilikuwa sawa mupaka leo baada ya misa.

Mama Nshobole amenitembelea, amepanda moto, pikipiki ya kukodi, toka Majengo, kikwembe kipya. Nikamuonyesha sanduku. Akainama, akachungulia upande huu, upande ule. Akaona kibuyu. Akasema, "Mama Grégoire, huna nyoka. Unafuga kibuyu." Nikamwambia nyoka yumo ndani. Akasema hata yeye ana simba, yuko ndani ya chungu.

Halafu akasimama mulangoni pangu, akatazama nyumba ya matofali, akatazama yangu. Akasema ni nzuri, ni nzuri kabisa, ila mugeni akiingia uwanjani atafikiri ni ya mulinzi.

Ya mulinzi! Mimi!

Tangu ameondoka sijakaa chini. Aurélie amekuja kuniambia niache, mahali padogo ndani ya pakubwa ndipo kiumbe anatulia, si nilijionea mwenyewe? Nilijionea, ndiyo. Lakini Mama Nshobole hakujionea, na atarudi jumapili ijayo!

Baharanyi aje kesho asubuhi, na asichelewe. Kibuyu kitolewe, nyoka aonekane toka barabarani. Sanduku lirudishwe kubwa kama kitanda changu. Na ukuta wa upande wa ziwa ubomolewe, waniongezee salon. Kubwa! Ile ambayo mutu akikohoa, inamujibu.